Kabla Hujachagua Lugha ya Kigeni Chuoni, Hesabu Saa

Fomu ya kujiandikisha masomo huwa na sehemu moja ambayo wengi huijaza kwa kubahatisha. Masomo ya lazima yameshapangwa, ratiba imekaa sawa, imebaki nafasi ya lugha ya kigeni: Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kiarabu, Kichina, Kijapani, Kikorea, Kirusi. Weka alama kwenye moja. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mjomba anasema Kichina, biashara yote iko huko. Rafiki anasema Kihispania, chepesi. Binamu aliyezama kwenye tamthilia za Kikorea hana haja ya kumuuliza mtu. Mwalimu wa zamani anakumbusha kwamba Kifaransa ni lugha ya wanadiplomasia.

Hakuna hapo aliyekosea. Ila kila mmoja anajibu swali lake: mjomba anajibu la soko, rafiki la ugumu, binamu la mapenzi, mwalimu la heshima. Mwanafunzi akiyabeba yote kwa mpigo anabaki na fundo, na mwishowe anachukua lugha ambayo kipindi chake hakigongani na somo lake kuu. Simcheki. Nami nilichagua hivyohivyo, na yaliyonipata nitayasimulia.

Fundo hili lina nyuzi kadhaa, na ule wa kuvutwa kwanza ndio huo watu hawaugusi: saa. Lugha unayoitaka inadai saa ngapi, na chuo chako kitakupa ngapi?

Saa inazodai, saa unazopewa

Serikali ya Marekani ina taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha kabla ya kuwatuma nje, Foreign Service Institute, iliyoanzishwa mwaka 1947. Kwa miongo mingi imekuwa ikiweka kumbukumbu za muda anaohitaji mwanafunzi wa kawaida hadi aweze kufanya kazi kwa lugha mpya: kuendesha kikao, kusoma ripoti, kujibu hoja bila kutapatapa. Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kireno huchukua wiki 24 hadi 30, yaani saa 600 hadi 700 hivi za darasani. Kijerumani na Kiindonesia, wiki 36. Kirusi, Kihindi na Kituruki, wiki 44, zaidi ya saa 1000. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea, wiki 88, saa 2200. Kiswahili wamekiweka kundi moja na Kijerumani, wiki 36. Wale wanaodai Kiswahili hakina sarufi wafikishiwe habari hiyo.

Kumbuka pia ni nani wanaosoma hapo. Ni watu wazima waliochujwa, wanaolipwa mshahara ili wasome, wanaokaa darasani saa zisizopungua 20 kwa wiki katika makundi madogo, kisha wakirudi nyumbani wanaendelea na kazi za ziada. Lugha ndiyo kazi yao ya siku nzima.

Sasa njoo chuoni. Kozi ya saa nne kwa wiki, muhula wa wiki 15, mihula miwili kwa mwaka: hizo ni saa 120. Miaka miwili ni 240. Miaka minne bila kukatisha ni 480. Ziweke hizo 480 mbele ya Kihispania: umebakiza kipande ambacho bidii ya mtu mwenyewe inaweza kukijaza. Ziweke mbele ya Kichina: umekwenda sehemu moja hivi kati ya tano za safari, na hapo ni kama hukukosa kipindi hata kimoja.

Wengi wakisikia hivyo husema basi Kichina hakifai, tuchukue kilicho rahisi. Hiyo nayo ni haraka. Hesabu inachosema ni kwamba mwenye kuchagua Kichina awe ameshajua saa zilizobaki atazitoa wapi. Programu ya nje ya nchi yenye vipindi 20 kwa wiki, kwa wiki 30, inatoa saa 600, nyingi kuliko miaka minne yote ya kozi ya nyumbani, mbali na saa za sokoni, bwenini na kwenye basi ambazo hakuna anayezihesabu. Zipo pia kozi kali za likizo. Chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont huko Marekani, wamekuwa wakiendesha za kwao tangu 1915, na mwanafunzi hutia saini ahadi ya kutotumia lugha nyingine yoyote hadi kozi iishe. Chuo chenye mlango wa aina hiyo, na ufadhili wa kuupitia, kinakifanya Kichina kiwe chaguo la busara. Chuo kisicho nao kinakuuzia mwanzo wa Kichina tu.

Daftari la Kirusi

Mwanzo una ubaya gani? Si bora nusu mkate? Kwenye lugha, jibu linategemea nusu hiyo ni nene kiasi gani.

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, alichapisha utafiti uliohusu watu 733 waliokuwa wakisoma Kihispania au waliokwisha kukisoma shuleni na chuoni, baadhi yao wakiwa wamekiacha kwa karibu miaka 50. Alitaka kujua kinachobaki. Alikuta kwamba usahaulifu hupiga kwa nguvu katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha hutulia. Kile kilichovuka miaka hiyo hukaa kwa miongo, bila kurudiwa, hadi mtu anapokaribia uzee. Na kiasi kinachovuka hutegemea kina cha masomo ya awali. Aliyesoma kozi nyingi na kufaulu vizuri alibaki na hazina kubwa hadi uzeeni. Aliyeonja kozi moja akaondoka hakubaki na cha kutaja.

Mimi ni wa kundi la pili. Nilisoma Kirusi mihula miwili kwa sababu darasa lilikuwa saa nne asubuhi na sikupenda kuamka mapema. Nilifaulu, tena vizuri. Miaka mingi baadaye niliokota daftari langu la wakati ule. Kirusi cha kuandikwa kwa mkono kina herufi ndogo za kughilibu: *t* yao huonekana kama *m* yetu, *d* kama *g*, *i* kama *u*, *p* kama *n*. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mkono wangu, kurasa kwa kurasa, mistari imenyooka, mwalimu ametia vema kwa wino mwekundu. Nilichoweza kusoma ni jina langu na neno la "asante". Saa 120 zilikuwa zimekwenda zilikokwenda.

Ndiyo maana nasema ukichagua lugha unachagua pia urefu wa njia. Miaka minne ya lugha moja inaacha kitu. Mwaka mmoja mmoja wa lugha nne unaacha madaftari. Hili linawahusu hasa wale waliosoma lugha fulani sekondari kwa miaka mitatu au minne, kisha wakifika chuoni wanaanza nyingine upya kwa kuwa ile ya zamani "wameichoka". Ukikalia mtihani wa kupangiwa ngazi na kuruka mihula miwili au mitatu ya mwanzo, umejipatia saa 120 au 180 za bure. Huenda ukamaliza chuo ukiwa mtu wa kusoma magazeti ya lugha hiyo. Ukianza upya, utamaliza ukiwa mtu wa kuagiza chai. Kuchoka ni sababu halali, lakini ujue bei yake.

Vivyo hivyo kwa mwenye bibi au mzazi anayezungumza lugha ambayo chuo kinaifundisha. Anayeielewa kwa kuisikia nyumbani, hata kama hajawahi kuiandika, yuko mbele kwa mwendo ambao mwenzake hataufikia kwa mihula kadhaa. Vyuo vingine vina darasa maalumu la watu wa namna hiyo. Uliza kabla hawajakuweka pamoja na wanaojifunza kusalimiana.

Ngumu kwa nani?

Orodha ile ya wiki na saa ilipimwa kwa watu waliokua na Kiingereza. Kifaransa kinawapa maelfu ya maneno wanayoyajua tayari, na Kiarabu hakiwapi takriban lolote. Anayesoma makala haya ana Kiswahili kichwani, na huo ni mtaji wa aina nyingine kabisa.

Chukua maneno matatu: kitabu, katibu, maktaba. Yaandike moja chini ya jingine, kisha futa irabu zote, pamoja na *ma* ya mwanzo panapokuwa nayo. Zinabaki k, t, b. Sasa chukua hakimu, hukumu, mahakama: zinabaki h, k, m. Darasa na madrasa: d, r, s. Ile *ma* inayotangulia katika maktaba, mahakama na madrasa inataja mahali: mahali pa vitabu, mahali pa hukumu, mahali pa masomo. Huu ndio uti wa mgongo wa Kiarabu, mzizi wa konsonanti tatu unaovikwa irabu na viambishi tofauti ili kuzaa maana tofauti, na ndicho kinachowatoa jasho wanafunzi waliokua na Kiingereza muhula mzima. Wewe umekuwa ukiutumia tangu utotoni bila kuambiwa. Ongeza sita, saba, tisa, kisha ishirini hadi tisini, mia na elfu. Utaingia darasa la kwanza la Kiarabu ukiwa na msamiati ambao jirani yako atahangaika nao hadi mwisho wa mwaka.

Lakini Kiarabu kina jambo ambalo halimo kwenye fomu. Lugha inayofundishwa darasani, Kiarabu fasaha, ni ya vitabu, taarifa za habari na hotuba. Nyumbani na barabarani watu husema lahaja, na ya Misri si ya Moroko wala ya Lebanoni. Mwanaisimu Charles Ferguson aliieleza hali hiyo katika makala yake ya mwaka 1959 akiiita diglosia. Maana yake kwa mwanafunzi ni hii: anayetaka kusoma maandiko, sheria au magazeti atosheke na fasaha; anayetaka kuzungumza na watu aulize mapema kama idara inafundisha na lahaja, na ni ipi. Wapo waliomaliza miaka mitatu, wakashuka uwanja wa ndege, wakazungumza kama hotuba ya bunge na kujibiwa kitu ambacho hawakuelewa hata neno.

Kwenye Kijerumani watu hutishwa na jinsia tatu za nomino. Mzungumzaji wa Kiswahili asitishike upesi. Ukisema "kiti changu kizuri kimevunjika" umelazimisha maneno matatu yaitii nomino moja, na hukufikiri. Upatanisho uko damuni. Kitakachokusumbua ni kwamba Kiswahili huweka alama ya ngeli kwenye neno lenyewe, ilhali Kijerumani mara nyingi hakisemi kitu: kijiko, *Löffel*, ni cha kiume; uma, *Gabel*, ni wa kike; kisu, *Messer*, hakina upande. Zote ziko meza moja. Hapo ni kukariri, hakuna ujanja.

Kituruki kinaogopwa bila sababu. *Evlerimizden* linaonekana kama ajali, hadi ulikate: *ev* nyumba, *ler* wingi, *imiz* yetu, *den* kutoka. "Kutoka nyumba zetu", neno moja. Lugha inayosema "tutawapelekea" kwa pumzi moja haina haki ya kushangaa. Tofauti ni kwamba wao hupanga mabehewa nyuma, sisi mengi tunayapanga mbele.

Kihispania na Kijapani vina irabu tano kama zetu. Kijapani, zaidi ya hapo, karibu kila silabi yake huishia kwa irabu: Nagasaki, Yokohama, Toyota. Yatamke, hayakwami popote. Ukimsikiliza mwanafunzi mwenye Kiswahili akisoma Kijapani kwa sauti katika wiki ya pili utadhani amekisoma mwaka mzima. Kisha yanakuja maandishi. Kijapani kina seti mbili za silabi, alama 46 za msingi kila moja, na juu yake alama za asili ya Kichina ambazo orodha rasmi ya serikali ya mwaka 2010 inazihesabu kuwa 2136. Ndiko saa 2200 zinakoishia.

Kikorea ni kinyume chake. Alfabeti yake, iliyotangazwa mwaka 1446 katika enzi ya Mfalme Sejong, ina herufi za msingi 24 na mtu makini huzisoma ndani ya wiki. Wengi hudanganyika hapo. Wanasoma mabango, wanafurahi, wanaamini wamevuka, kumbe sarufi na ngazi za heshima katika vitenzi ndio kwanza vinawasubiri. Nisingependa mtu achague Kikorea kwa sababu ya alfabeti, kama nisivyopenda akikimbie Kirusi kwa sababu ya alfabeti. Herufi 33 za Kirusi ni kazi ya siku chache. Kilichonishinda mimi hakikuwa herufi.

Kuhusu toni za Kichina, ile silabi *ma* yenye maana ya mama, katani, farasi au kutukana kutegemea sauti inavyopanda na kushuka: kama lugha yako ya kwanza ni mojawapo ya lugha za Kibantu zenye toni, sikio lako limeshafundishwa. Kama ni Kiswahili pekee, utaanza kama wengine.

Na Kireno, ambacho hakuna anayekitaja kwenye mazungumzo haya? Meza, leso, bendera, mvinyo na parafujo vimetoka huko. (Gereza nalo, ingawa *igreja* kwao ni kanisa.) Maneno hayo machache hayatoshi kukupa lugha. Ila Kireno kiko kwenye kundi la wiki 24 hadi 30, Brazili peke yake ina watu zaidi ya milioni 200, Angola na Msumbiji wanakitumia, na wasomaji wake darasani ni wachache. Ukikijua, Kihispania cha kusoma kinakuja karibu bure. Tahadhari moja: usivisome viwili hivyo kwa wakati mmoja. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa zinaponyoka zote, maana mdomo unaanza kutoa lugha ya tatu ambayo haina nchi.

Soko linalohama

Tumrudie mjomba. Hoja ya soko ina uzito, ila soko la lugha halikai mahali pamoja. Mkemia wa mwanzoni mwa karne ya ishirini asiyesoma Kijerumani alikuwa kama hajasoma; majarida na ensaiklopidia za fani yake zilikuwa kwa Kijerumani. Leo mkemia anaweza kustaafu bila kukihitaji. Oktoba 4, 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kumwaga fedha katika elimu, ufundishaji wa lugha za kigeni ukiwemo. Kirusi kikashika kasi, na baada ya 1991, Umoja wa Kisovieti uliposambaratika, kikapoa. Kijapani nacho kilikuwa na msimu wake wakati uchumi wa Japani ulipokuwa ukizungumzwa jinsi unavyozungumzwa wa China sasa.

Siku hizi upepo unavuma kwa Kikorea. Takwimu za Modern Language Association, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, zinaonyesha kwamba kati ya 2016 na 2021 wanafunzi wa lugha za kigeni katika vyuo vya Marekani walipungua kwa asilimia 16.6, huku wa Kikorea wakiongezeka kwa asilimia 38.3. Mwenye kuchagua leo ataingia kazini miaka minne au mitano ijayo, na kuitumia lugha hiyo kwa miaka 30 baadaye. Bendera ikifuata upepo kwa miaka 30 inachanika.

Faida ya kweli huonekana ukiacha kuuliza "lugha gani ina soko" na kuuliza "kazi yangu mimi itaikuta wapi lugha hii". Maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Mwanafunzi wa historia ya sanaa, falsafa au akiolojia anayeota shahada ya uzamivu huenda akadaiwa kusoma Kijerumani au Kifaransa, pengine vyote viwili. Atadaiwa kusoma tu, bila kuzungumza, na kujifunza kusoma tu huchukua sehemu ndogo ya muda. Mwanafunzi wa teolojia ana Kigiriki cha kale na Kiebrania. Anayetaka kuwa mkalimani wa Umoja wa Mataifa anaangalia lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na ajiandae kwamba mbili hazitamtosha.

Anayetazama masomo ya nje ana hesabu nyingine, na hapa nimeona watu wakipoteza nguvu bure. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza unaanza na mwaka mmoja wa kufundishwa Kijapani. Ule wa Korea Kusini, Global Korea Scholarship, una mwaka wa Kikorea. Ule wa Uturuki, Türkiye Bursları, una mwaka wa Kituruki. Mfadhili mwenyewe anakufundisha lugha, tena kwa kasi ambayo kozi ya saa nne kwa wiki haiwezi. Kwa hiyo kama lengo ni ufadhili huo tu, alama zako za hisabati zinaweza kukufikisha mbali kuliko mihula miwili ya lugha. Ujerumani mambo ni tofauti. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani na mwombaji hutakiwa kufika nacho, kwa kawaida kwenye kiwango cha C1 au jirani yake. Hapo saa zako 480 zina maana kubwa.

Hivyo viwango, A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 na sasa ndiyo lugha ya waajiri. Hakuna anayejua "nimesoma mihula sita" ina maana gani, ila kila idara ya ajira inajua B2. Kwa hiyo panga kumaliza na cheti cha nje: DELF au DALF kwa Kifaransa, DELE kwa Kihispania, Goethe au TestDaF kwa Kijerumani, HSK kwa Kichina, TOPIK kwa Kikorea, JLPT kwa Kijapani. Soma vizuri mtihani unapima nini. JLPT, kwa mfano, hauna sehemu ya kuzungumza. Mtu anaweza kushika N1, ngazi ya juu kabisa, huku anajiumauma akipigiwa simu.

Kuna pia wanaosema mashine zitatafsiri, tunajisumbua bure. Kwa barua ya hoteli na maelezo ya dawa ya kikohozi nakubali, mashine imeshinda. Lakini hakuna aliyewahi kuingizwa kwenye mzaha wa chumba cha mapumziko kupitia simu, na kazi nyingi zinaamuliwa chumbani humo.

Mapenzi ya binamu

Binamu wa tamthilia huchekwa kuliko wote. Nadhani ana hoja nzito kuliko ya mjomba.

Tangu mwaka 1959, wanasaikolojia wa Kanada Robert Gardner na Wallace Lambert walipoanza kuchapisha kazi zao juu ya motisha, imekuwa kawaida kutofautisha mtu anayejifunza lugha ili apate kitu na anayejifunza kwa sababu anavutwa na watu wenye lugha hiyo. Mabishano kuhusu nani humshinda mwenzake hayajaisha. Kwa hesabu yetu ya saa, hata hivyo, jambo moja liko wazi: anayevutwa hupata saa ambazo hazimo kwenye ratiba. Binamu anatazama vipindi viwili kila usiku, saa mbili, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni saa 600 za kusikiliza. Akizitumia kivivu, macho kwenye tafsiri ya chini, zitamfaa kidogo. Akijifunza kuifunga tafsiri na kurudia sentensi, atampita mtu mwenye sababu nzuri zaidi kwenye karatasi.

Msamiati pia unamhitaji mtu wa namna hiyo. Paul Nation, mwanaisimu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8000 hadi 9000, yaani neno na vinyambuo vyake vikihesabiwa kama kimoja. Maneno ya mwanzo 2000 yanafundishika darasani. Yaliyobaki hayafundishiki, hayana muda. Yanaokotwa moja moja katika vitabu, redio, ugomvi na nyimbo. Anayesoma lugha asiyoipenda huishia pale mwalimu anapoishia.

Uulize nini kabla ya kutia saini

Ukishapunguza orodha hadi lugha mbili, acha kutafuta habari za lugha, tafuta za idara. Kozi ya mwaka wa tatu inafundishwa kila mwaka, au "ikipata wanafunzi wa kutosha"? Kamba hukatikia pembamba, na katika lugha za wanafunzi wachache hukatikia hapo. Kuna walimu wangapi? Idara yenye mwalimu mmoja akipata likizo ya utafiti, lugha nayo inakwenda likizo. Septemba 2023 bodi ya West Virginia University, Marekani, ilipiga kura kufuta sehemu kubwa ya idara yake ya lugha za kigeni, na hicho ni chuo kikuu cha umma cha jimbo zima. Muulize pia mratibu ni wanafunzi wangapi wamekwenda nje mwaka uliopita, si programu ngapi zimeandikwa kwenye kipeperushi.

Kisha fanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Vyuo vingi vina wiki moja au mbili za kubadilisha masomo mwanzoni mwa muhula. Usizitumie kukaa kwenye darasa la kwanza, maana darasa la kwanza ni zuri kila mahali. Kila mtu anajifunza kusema jina lake na kucheka. Omba ruhusa uingie darasa la mwaka wa tatu. Kaa nyuma. Usihangaike kuelewa. Subiri mwalimu atoke kidogo kwenda kuleta karatasi, usikilize wanafunzi wanaongea kwa lugha gani.